Dole Gumba

Siku ya tisa baada ya mkanda kunivuta
Bwana Mbarouk alifika Limbani,
kavua viatu mlangoni, kaniuliza hali,
kateremsha mchele kilo kumi, sukari, na bahasha.
Chini ya bahasha, karatasi iliyopigwa chapa.

"Ajali haina kinga, Shaame," akasema,
na mie nikaitikia kama tunavyoitikia siku zote,
ndiyo ikinitoka mdomoni kabla akili haijafika.
Kisha akafungua kibati cha wino:
"Usijisumbue kuandika. Tia dole gumba hapa."

Nikautazama mkono wangu wa kulia,
bandeji kubwa kama kichwa cha mtoto mchanga.
Gumba gani, Bwana Mbarouk?
Lile lilibaki kwako, kwenye kokoto.

Alicheka kidogo, au alikohoa.
"La kushoto basi."
Asya akasema kutoka uani
kwamba chai haijachemka, karatasi ingoje.
Haikuwako chai. Haukuwako hata moto.

Usiku ule neno halikunilaza.
Ajali haina kinga.
Nimelisema mwenyewe kwenye matanga mangapi!
Lakini mashine ile ilikuwa nayo kinga:
bati la kufunika mkanda, nati nne.
Lilivuliwa Jumatatu, kwamba linachelewesha usafi.
Kudra naiamini, nitakufa nikiiamini.
Ila kudra haishiki spana.

Bi Time Khatib ana chumba nyuma ya duka la cherehani,
feni moja, mafaili yamefungwa kwa kamba ya usumba.
"Mimi ni msaidizi wa sheria, si wakili,"
alianza na hilo.
Hakunipa pole. Kaniuliza saa ngapi.
Saa ngapi, nani aliwasha, nani alisimama karibu,
mshahara nilikuwa nikipewa mkononi au kwa simu,
na karatasi ya hospitali iko wapi.
Nikamwambia Asya kaifungia bizari.
Akafumba macho.
"Kaifungueni."

Kisha akasema: "Njia unazo, na kila njia ina miba yake.
Mnaweza kukaa mkasemezana, lakini iandikwe,
na asiiandike yeye peke yake.
Unaweza kwenda ofisi ya kazi ukadai fidia;
huko watataka kujua kwanza uliumia wapi, ukifanya nini.
Na mahakama ipo. Huko utathibitisha uzembe,
utakwenda, utaambiwa shauri limeahirishwa,
utarudi kwa nauli yako.
Sikuahidi kitu.
Haki haiozi, Shaame. Madai ndiyo yana tarehe."

"Na mchele?" Asya akauliza. "Tuurudishe?"
"Uleni. Mchele si saini."

Haji Silima nilimkuta msikitini, akinifunga kamba za viatu
bila kuombwa.
"Niliona," akasema akiwa bado ameinama,
"lakini nina wanne wanaosoma."
Sikumlaumu. Nani atakayemlipia madaftari?

Usiku wa manane simu ikatetemeka mara moja.
Picha, bila salamu, bila neno:
mkanda uchi, nati nne ndani ya kopo la maziwa,
na ukutani damu yangu, kabla hawajaipaka chokaa.

Kesho yake nilipita pale kwa makusudi.
Bati jipya limeshafungwa,
rangi ya manjano, mbichi, inanuka.
Nikasimama nikalitazama mpaka mlinzi akanikoholea.
Wivu, sijui. Niliona wivu
kwa vidole vya atakayekuja.

Ofisi ya kazi, foleni fupi, fomu ndefu.
Mwishoni kabisa: *Sahihi au dole gumba.*
Nikaishika kalamu kwa kushoto,
mie mtu mzima wa miaka arubaini na mbili,
ulimi nje kama mtoto wa chuoni.
Esi ikalala. Ema mbili hazikufanana.

Karani akaigeuza karatasi, akaisogeza kwenye dirisha.
"Hili ni Shaame au Shaaban?"
"Shaame."
"Halisomeki. Andika tena."

Nikaandika tena.